Jinsi ya kutambua aina za tilapia wangali wachanga

MKULIMA wa Moi's Bridge anaponunua samaki wa kufuga, hukabidhiwa mfuko wa maji wenye vifaranga wasiozidi urefu wa kidole. Kwa jicho la haraka wote hufanana, lakini si wote watakaofikia uzani wa kuuzika sokoni.

Ufugaji wa samaki ulishika kasi nchini mwaka wa 2009, serikali ilipofadhili uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Katika nyanda za juu kama hizi, samaki wanapodumaa lawama huangukia baridi. Ni kweli kwamba tilapia hustawi zaidi katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Hata hivyo, huenda kasoro ikawa ni mchanganyiko wa aina za samaki.

Umbo ndilo la kutazamwa kwanza, kwani hutenganisha jamii. Kambare ana mwili mrefu usio na magamba, kichwa bapa na sharubu nane. Tilapia ana magamba, mwili mpana uliobanwa ubavuni, na miiba mikali katika pezi la mgongoni.

Kati ya tilapia wenyewe, rangi husaidia zaidi. Anayependwa na wafugaji ni tilapia wa Mto Nile, Oreochromis niloticus. Alama yake kuu ni mistari myembamba iliyosimama wima kwenye pezi la mkia, ambayo hudhihirika zaidi kadiri anavyokua.

Tilapia wa tumbo jekundu, Coptodon zillii, hana mistari hiyo mkiani. Ubavuni ana milia myeusi ya wima, na tumbo lake huwa jekundu akomaapo. Naye Oreochromis leucostictus ana mwili mweusimweusi wenye madoa meupe ubavuni na kwenye mapezi. Huyu huzaana na tilapia wa Nile, wakapatikana machotara ambao ni vigumu kuwatambua.

Mnunuzi ajihadhari na doa jeusi lililo nyuma ya pezi la mgongoni. Vifaranga wa tilapia wa Nile pia huwa nalo, ila hufifia wanapokua. Kwa tilapia wa tumbo jekundu hudumu. Kwa hiyo doa pekee si ushahidi. Shaka ikizidi, kifaranga mmoja achunguzwe na afisa wa uvuvi: vijino vilivyo sehemu ya chini ya upinde wa kwanza wa shavu havizidi 12 kwa tilapia wa tumbo jekundu, ilhali kwa yule wa Nile hupita 17.

Kabla ya kulipa, watie vifaranga wachache katika chupa safi ya kioo, uwatazame kwa ubavu penye mwanga. Uliza pia wazazi wao ni wa aina gani, na uombe kuwaona.

Mwisho, samaki usiowataka usiwamwage mtoni. Maji ya Nzoia huishia Ziwa Victoria, ambako ngege wa asili, Oreochromis esculentus, na mbiru, Oreochromis variabilis, wameadimika. Miongoni mwa sababu ni ushindani wa tilapia wageni waliotiwa ziwani katika miaka ya 1950.