Mtawa Asiyeshika Fedha: Yogiji Maharaj na Wafuasi Wake katika Pwani ya Afrika Mashariki, 1955–1970

1.0 Utangulizi

Methali ya Waswahili isemayo "Banyani mbaya, kiatu chake dawa" imehifadhi taswira ya muda mrefu. Neno Banyani, lililotokana na jina la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat, limekuwa katika Kiswahili jina la kila mfuasi wa dini ya Kihindu. Lugha ilimtambua kwa duka lake kabla ya kumtambua kwa ibada yake. Historia ya Waasia wa Tanga na Mombasa nayo imeelemea upande huo: duka, mkonge na reli. Insha hii inamchunguza mtu aliye kinyume cha taswira hiyo, yaani mtawa aliyekatazwa kushika fedha. Hoja yake ni kwamba nadhiri za mtawa huyo ziliwapa wafuasi wenye kazi na familia madaraka makubwa ya kujenga jumuiya, ingawa madaraka hayo hayakugawanywa sawa baina ya wanaume na wanawake.

2.0 Maisha ya Utawa

Yogiji Maharaj alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Dhari, Gujarat, akaitwa Jhina. Alijiunga na utawa angali kijana, na mwaka 1911 akapewa jina la Jnanjivandas. Mwalimu wake, Shastriji Maharaj, alikuwa amejitenga na uongozi wa Vadtal na kuanzisha jumuiya ya BAPS mwaka 1907, ndani ya mapokeo ya Swaminarayan (1781–1830). Shastriji alipofariki mwaka 1951, Yogiji alirithi nafasi ya guru.

Watawa wa mapokeo hayo huweka nadhiri tano: kutotamani mali, useja, kutofuata ladha, kutofungamana na jamaa, na unyenyekevu. Nadhiri hizo huonekana katika matendo ya kila siku. Mtawa hashiki fedha, hazungumzi na wanawake, na huchanganya vyakula vyote pamoja na maji katika bakuli la mti ili ladha ipotee.

3.0 Wafuasi Waliomtangulia

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, na ule wa reli ya Uganda ukaanza Mombasa mwaka 1896. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli hizo ziliunganishwa kupitia Voi na Kahe. Katika mtandao huo Wagujarati walifanya kazi za ukarani, ustadi na biashara. Miongoni mwa wafuasi wa mwanzo wa BAPS nchini Kenya walikuwamo wafanyakazi wa reli. Walikutana, wakasoma mafundisho ya Swaminarayan na kuimba pasipo mtawa wa kuwaongoza. Barua ndefu za Nirgundas Swami kutoka India ziliziba pengo hilo.

Kwa hiyo, Yogiji alipokuja mwaka 1955 na kuweka wakfu hekalu la Mombasa, aliikuta jumuiya iliyokwisha kujipanga. Alirudi mwaka 1960 kuweka wakfu mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo, na mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 78, akazindua la Nairobi. Tanga haimo katika orodha hiyo, lakini imo katika mtandao wa reli na biashara uliowezesha mahekalu hayo kujengwa.

4.0 Nadhiri na Mgawanyo wa Nafasi

Mtawa asiyeshika fedha hawezi kujilipia nauli. Kila hatua ya safari zake ilitegemea mfuko wa mwingine, na aliyetoa aliihesabu gharama hiyo kuwa ibada. Hivyo kazi ya kupata fedha, ambayo methali yetu huitazama kwa shaka, ikawa njia ya utumishi. Mfanyabiashara na mtawa walihitajiana.

Hata hivyo, nadhiri ya useja iliweka mpaka. Wanawake waliketi kando, na hawakuweza kumsogelea wala kuzungumza na guru waliyemheshimu. Masimulizi ya maisha yake yaliyoandikwa na watawa yanatokana na mazungumzo ambayo wao hawakuwamo. Mtafiti anayeyategemea masimulizi hayo peke yake ataandika historia ya wanaume na kuiita historia ya jumuiya nzima.

5.0 Hitimisho

Yogiji alifariki Mumbai mwezi Januari 1971. Mwaka huohuo Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini Uganda. Wengi walihamia Uingereza, ambako hekalu la Neasden, London, lilifunguliwa mwaka 1995. Ujuzi wa kuendesha ibada, kuchanga na kujenga pasipo mtawa mkaazi walikuwa wamekwisha kuupata Afrika Mashariki. Pwani hii, basi, haikuwa kituo cha kupitia tu. Ilikuwa mahali pa kujifunzia. Inapendekezwa kwamba ushuhuda wa wanawake wazee wa jumuiya hiyo, waliosalia pwani na waliohama, ukusanywe mapema, kwa kuwa sehemu yao ya historia hii imo zaidi katika kumbukumbu zao kuliko katika maandishi.