Kabla ya franga: uzi, fundo na butega

Kila mtu mwenye sheni nyembamba ya shingo anajua hii taabu: asubuhi unaiweka ndani ya saki vizuri kabisa, mangaribi unaikuta imejifunga mafundo, na hakuna mtu aliyeigusa. Haiko ulozi. Mwaka 2007 Dorian Raymer na Douglas Smith, watafiti wa San Diego, Marekani, waliweka uzi ndani ya sanduku wakalizungusha. Ndani ya sekunde chache mafundo yakatokea yenyewe. Fundo linapenda uzi mrefu, ncha huru na nafasi ya kucheza.

Wazee wa misafara hawakusoma hiyo, lakini biashara yao ilisimama hapo. Karne ya 19, shanga za Venice zilishukia Zanzibar, zikauzwa kwa frasila (karibu kilo 16), zikabebwa kichwani hadi Ujiji na kuvuka Tanganyika kuingia Manyema. Shanga zilizochanganyika njiani ni hasara tupu, maana kila sehemu ilikuwa na rangi yake iliyokubalika sokoni. Njo maana zilitungwa katika nyuzi fupi. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika vipimo: uzi mmoja ni kete, na kete 10 ni fundo. Angalia hilo jina. Kwetu fundo ni ajali ya saki. Kwao lilikuwa hesabu.

Lakini mimi napenda zaidi jambo la hapa hapa Kivu. Kabla ya wazungu, watu wa ziwa walikuwa na butega, vikuku vyembamba vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea. Batembo, kule porini magharibi ya ziwa, njo walikuwa mafundi wake. Vikapita kwa Bahavu wa Ijwi, vikavuka maji hadi Rwanda, ambako wanawake walivivaa kwa wingi miguuni, kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu. Ilikuwa pambo, na ilikuwa pesa pia. Mwanahistoria David Newbury ameandika vizuri juu ya biashara hiyo. Na kikuku kilichofungwa hakina ncha, hakiwezi kujifunga. Ghala lake ni mguu.

Kama agronome, hii inanigusa. Masomoni nyuzi za mimea zinahesabiwa kama kamba na mikeka, si kama sarafu. Shuleni nako hadithi ya pesa inaanza na franga ya Leopold wa 2, mwaka 1887, sawa vile mbele yake hapakuwa kitu. Kumbe thamani ilitoka porini, mikononi mwa wasukaji. Kodi ya wakoloni ilipodaiwa kwa franga, ufundi huo ukabaki bila soko. Wazazi wetu nao waliona mwaka 1993: zaïre 3.000.000 ziligeuka nouveau zaïre moja. Karatasi nazo hazina deni na mtu.

Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto na tukaambiwa tuhame, wamama wengi walibeba mali yao kwa njia ya zamani: mwilini, au kwenye pembe ya kitenge.

Kwa sheni yako, basi: pitisha ncha moja ndani ya mrija wa soda, halafu funga ndoana. Umeshaondoa ncha huru na nafasi. Ikiwa imeshajifunga, usiivute. Ilaze juu ya meza, fungua ndoana, legeza fundo katikati kwa sindano mbili, polepole.