Ufunguo wa Mkuu

Mwaka 2007 shule niliyoiongoza huko Temeke ilipata kompyuta chache zilizokwisha kutumika. Mwalimu wetu kijana wa hisabati aliziwekea Linux, kwa sababu haikuhitaji kununuliwa. Moja ilitunza alama za wanafunzi wote. Nilipogundua kuwa yamo mafaili ambayo mimi, mkuu wa shule, siwezi kuyabadili, niliona nimedharauliwa. Nikadai neno la siri la mtumiaji mkuu aitwaye root, maana yake mzizi.

"Mkuu," akanijibu kwa adabu, "ufunguo huo hata mimi sikai nao kutwa."

Nikamwamuru anipe.

Sikujua kwamba katazo lile lilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara za Bell huko Marekani, walianza kuunda mfumo wa Unix. Kompyuta zilikuwa ghali, na watu wengi walitumia moja kwa pamoja. Kwa hiyo ilibidi kila faili liwe na mwenyewe. Hatimaye zikatulia ruhusa tatu, yaani kusoma, kuandika na kuendesha, kwa watu wa namna tatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoanza Linux mwaka 1991, aliufuata utaratibu huo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1. Faili la alama likipewa 640, mwenyewe husoma na kuandika, kikundi cha walimu husoma tu, na wengine hawaligusi. Mvivu wa kufikiri huandika 777. Huyo ameacha mlango wazi akaenda sokoni. Juu ya wote hao yupo mzizi, ambaye ruhusa hizo hazimzuii. Akikosea, mashine humtii vilevile.

Nami nilikosea. Jioni moja, nikiwa nimeingia kama mzizi, nilitaka kufuta folda ya mitihani ya zamani. Nikafuta iliyoibeba. Sikuulizwa swali lolote. Alama za miaka miwili zikapotea, wala nakala ya akiba haikuwapo. Walimu walikesha wakizinakili upya kutoka madaftari yao, lakini yapo madaftari ambayo hayakuonekana tena. Baadaye alikuja mzazi kuombea mwanawe barua ya maendeleo, ahamie shule nyingine. Nilimwandikia barua isiyo na alama, na sikuweza kumtazama usoni.

Kijana yule hakunilaumu. Alibadili neno la siri, akaanzisha nakala ya akiba kila Ijumaa, akaniwekea sudo, programu iliyozaliwa mnamo mwaka 1980 katika chuo kikuu huko Buffalo, Marekani. Kwa sudo mtu huomba uwezo wa mzizi kwa kazi moja aliyoruhusiwa, na ombi lake huandikwa.

Hapo nikakumbuka stoo ya chuo cha ualimu nilikosomea. Hata mkuu wa chuo alitia sahihi daftarini kabla ya kutoa boksi la chaki, nasi tulidhani ni unyenyekevu tu. Enzi za TANU tulikariri kwamba cheo ni dhamana. Nilikuwa nimewafundisha wengine maneno hayo kwa miaka mingi. Ilinibidi nifute alama za watoto wa watu ndipo niyaelewe.