Somo la Leo: Mlinzi wa Seva

Leo tutasimulia habari za seva, na jinsi watu walivyojifunza kuilinda.

Seva ni nini? Ni kompyuta inayokesha usiku na mchana ikingoja maombi. Ukiomba ukurasa kwa simu yako, seva hukuletea. Ni kama mwenye duka katika soko letu la Majengo: mteja huomba, naye humtolea. Lakini mlango unaomwingiza mteja waweza kumwingiza na mwizi.

Seva ya kwanza ya wavuti ilianza kazi mwishoni mwa mwaka 1990, katika maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, Tim Berners-Lee. Alibandika karatasi juu ya kompyuta hiyo, akawaonya watu wasiizime. Siku hizo aliogopa mkono wa mpita njia asiyejua.

Mwaka 1991 wavuti ukafunguliwa kwa watu wa nje. Basi hatari ikageuka. Mkono wa kudhuru ukaweza kutoka nchi ya mbali, wala karatasi haikufaa tena.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona hayo Januari 2012. Mtu mmoja wa Indonesia alivamia tovuti 103 za serikali. Hakuvuka bahari, wala hakuvunja kufuli ya chuma.

Je, fundi mwangalifu hufanyaje? Kwanza, hufunga milango yote isiyotumika. Milango ya seva hutajwa kwa namba. Wageni wa wavuti huingia hasa kwa namba 80 na 443. Pili, humpa kila mfanyakazi ufunguo wa kazi yake tu, na neno la siri lisilobahatishwa. Tatu, huziba nyufa: watengenezaji wa programu wakitoa marekebisho, huyaweka bila kukawia. Nne, husafirisha habari kwa maandishi ya siri, ili aliye njiani asizisome. Hiyo ndiyo kazi ya mlango 443. Tano, huweka nakala mahali pengine, maana ajali haipigi hodi.

Pengine mtasema, “Haya yatuhusu nini?” Yatuhusu sana. Ada nyingi za serikali twazilipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, nayo hutoka katika kompyuta za namna hii. Mwaka 2019 Tanzania ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao, na Mamlaka inayosimamia kazi hiyo ina makao makuu yake papa hapa Dodoma. Seva ikivamiwa, anayesumbuka ni mwananchi aliyesimama dirishani akingoja cheti chake.

Kwa hiyo kumbukeni: seva hailindwi siku moja ikaisha. Hulindwa kila siku, kama shamba lenye nyani.

Maswali:
1. Seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa wapi?
2. Kwa nini karatasi haikutosha tena?
3. Neno lako la siri, nani mwingine analijua?

Kwaherini, hadi somo lijalo.