Profesa wa Roko, na Okidi Zilizofungiwa Kwa Sanduku la K5

Mtu wa Karungu hawezi kukuuzia mbuta akikuambia ni ngege. Ukikulia kando ya ziwa, majina ya samaki unayameza na uji: omena, ngege, mbuta, kamongo, fulu. Lakini hapo kwa fulu ngoja kwanza. Wanasayansi wakiangalia hao samaki wadogo tunaowaita fulu, wao wanaona mamia ya spishi tofauti. Wazee wetu waliona jina moja linatosha. Si ati hawakuwa na macho. Jina hufuata kazi. Kitu kinachoingia kwa sufuria kila wiki, ama kinachotibu mtoto usiku, kitapewa jina lake na la ndugu yake na la binamu yake. Kitu ambacho hakina kazi nyumbani kinaweza kuishi karne nzima na jina la jumla tu.

Nimeanza na samaki kwa sababu nataka kuongea kuhusu maua, na najua nikianza na maua nusu yenu mtaendelea na safari.

Mnajua Dholuo ina neno moja, yath, ambalo ni mti na pia ni dawa? Mti ni dawa, dawa ni mti. Kiswahili nacho kina mitishamba, so hatuko mbali. Sasa kuna mtu mmoja ambaye alichukua hilo neno yath kwa uzito kuliko mtu yeyote ninayemjua, na naona ni aibu kwamba kijana wa Rongo anaweza kukutajia kikosi kizima cha Gor Mahia cha msimu huu lakini hajawahi kusikia jina la Profesa John Ochieng Kokwaro.

Kokwaro alikuwa mtaalamu wa mimea, profesa wa botania pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1972, Kenya ikiwa na miaka tisa tu ya uhuru, alitoa kupitia East African Publishing House kamusi ya mimea ya Dholuo na Kiingereza: majina na matumizi yake. Fikiria hiyo kitu. Wakati huo mtu akitaka kupanda cheo kwenye sayansi alikuwa anaandika kwa lugha ya wakubwa na kusahau ya nyumbani. Yeye akakaa chini akaandika majina ya mama zetu upande mmoja na majina ya Kilatini upande wa pili, yakitazamana kama watu wa rika moja.

Mwaka 1976 akatoa kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, Medicinal Plants of East Africa, ambacho kimerudiwa kuchapishwa mara kadhaa, toleo la tatu likitoka 2009. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wakachapisha utafiti kuhusu mimea ya chakula na ya dawa ya Wajaluo wa Siaya. Halafu 1998 hao wawili wakaleta Luo Biological Dictionary, mimea na wanyama pamoja.

Chukua roko. Kama umetembea vichaka vya huku kwetu unaujua: shina lina vinundu vyenye miiba, na ukitafuna gome lake mdomo unaanza kuwasha na kufa ganzi. Kwa wataalamu huo ni Zanthoxylum chalybeum, na uko kwenye familia ya Rutaceae, ile ile ya machungwa na ndimu. Ponda jani la roko na unuse, utaelewa kwa nini. Sasa angalia hii. Kuna kazi kubwa inaitwa Flora of Tropical East Africa, yaani orodha ya mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, ikisimamiwa kutoka bustani ya Kew, London. Sehemu ya kwanza ilitoka 1952. Ya mwisho ilitoka 2012. Miaka sitini, zaidi ya spishi 12,000. Ile sehemu ya Rutaceae, iliyotoka 1982, aliiandika Kokwaro. Ya familia ya maembe na mikorosho, 1986, pia ni yeye. Yaani ule mti dani wako anachimba mizizi yake kwa ajili ya kikohozi, aliyeuweka kwenye kitabu kikubwa cha sayansi ya ukanda huu ni mtu ambaye tayari alikuwa anaujua kama roko.

Watu hufikiri jina la sayansi likishaandikwa limekwisha, limechongwa kwa jiwe. Hapana. Kokwaro alielezea mti mmoja wa Mlima Hanang, Tanzania, akauita Teclea hanangensis. Baadaye Mtanzania, Mziray, akachunguza kundi zima la Teclea na kusema mwaka 1992 kwamba miti hii haina sababu ya kusimama peke yake, ihamie kwa Vepris. Leo jina linaandikwa Vepris hanangensis (Kokwaro) Mziray. Hayo mabano si dharau. Ni kanuni: aliyekutambulisha kwanza hafutwi hata ukihama boma. Na mimi napenda kwamba huo ubishi, Mkenya na Mtanzania juu ya mti wa kwetu, umebaki ndani ya jina lenyewe kwa kila mtu kusoma.

Sasa tuje kwa okidi.

Okidi ni moja ya familia mbili kubwa zaidi za mimea ya maua duniani, spishi kama 28,000. Kitabu cha Joyce Stewart, Orchids of Kenya cha 1996, kinataja karibu 280 zetu. Na si zile za kwenye vyungu vya hoteli. Nyingi ni ndogo, zinaishi juu ya matawi bila kunyonya mti wenyewe, ama zinajificha chini ya nyasi na viazi vyao, moto upite, mvua inyeshe, ndipo zichomoze ua. Utaijuaje kama ni okidi? Angalia katikati ya ua. Kwa maua mengi sehemu za kiume na za kike zimeachana. Kwa okidi zimeungana zikawa nguzo moja. Chavua haiko kama unga, iko kama vidonge viwili vitatu vinavyomgandia mdudu kichwani. Petali moja imegeuka kuwa mdomo, uwanja wa mdudu kutua. Mbegu ni kama vumbi, hazina akiba yoyote ya chakula, na hazioti mpaka zikutane na kuvu fulani wa kuzilisha. Mmea wenye masharti mengi hivi ukihamishiwa kwa kopo la Blue Band kule nyumbani, usishangae ukifa.

Kuzipanga ni kazi ya macho na subira. Okidi ukiikandamiza kwa gazeti kama mimea mingine, ua linabanika na ile nguzo haionekani tena, so wataalamu huhifadhi maua mengine ndani ya chupa za spiriti. Pale kwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kuna hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Usambara, mwaka 1902 chini ya Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi 1950. Ina sampuli karibu milioni moja. Kila karatasi ina mmea uliokauka na kibandiko: nani aliuchuma, namba, tarehe, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari. Hilo ndilo faili la polisi la mmea. Bila hilo karatasi, ukisema spishi fulani ilikuwepo Gwassi, ni hadithi tu.

Sehemu ya kwanza ya okidi kwenye ile Flora iliandikwa na Victor Summerhayes, 1968. Huyu alikaa na okidi za Kew tangu miaka ya 1920. Sehemu mbili zilizobaki ni za Phillip Cribb, 1984 na 1989. Majina ya okidi yana utani wake pia. Kulikuwa na kundi linaitwa Aerangis, okidi nyeupe zinazonukia usiku. Kuna kundi la jirani linaitwa Rangaeris, na Summerhayes ndiye aliyelipa hadhi ya kuwa jenasi kamili. Soma hayo majina tena pole pole. Ni karibu herufi zile zile zimechanganywa! Hata Kilatini kina sheng yake. Moja yao, Rangaeris amaniensis, ilipewa jina la Amani, pale pale hebaria ilipozaliwa. Mwaka 2007 Dino Martins, mtaalamu wetu wa wadudu, na Steven Johnson walichapisha utafiti wao wa hapa Kenya kuonyesha nondo wa usiku wenye ndimi ndefu ndio wanaochavusha hizi okidi nyeupe. Na 2019, baada ya watu kuangalia DNA, amaniensis ikahamishwa tena, leo ni Ypsilopus amaniensis. Yule nondo hajaarifiwa.

Hapa ndipo nina neno na hizi vitabu, pamoja na heshima zangu zote.

Flora iligawanya Kenya kwa maeneo saba, K1 mpaka K7. Sisi tuko K5. Lakini K5 ni Nyanza na Western, na Kericho ndani. Kakamega, Kisii, Kericho, Siaya, Migori, Homa Bay, wote sanduku moja. Ni kama mtu achukue Shabana, Ingwe na K'Ogalo aseme ni timu ya K5. Ukisoma kwamba okidi fulani inapatikana K5, inaweza kuwa ilichumwa msitu wa Kakamega, kwenye mvua na miti mirefu, na haijawahi kuonekana hata siku moja kwenye vilima vya Gwassi ama nyasi za Lambwe. Kakamega imechunguzwa sana, wakiwemo watafiti wa mradi wa BIOTA wa Ujerumani uliokaa huko miaka ya 2000. Sisemi wamekosea kwenda. Msitu ule unastahili. Lakini herufi moja na namba moja ikikufunika, mtu wa Nairobi anaona eneo limeshajazwa, anaendelea na shughuli zingine.

Na huku kwetu hatuna huo muda. Bonde la Lambwe lilibaki na nyasi zake kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mbung'o. Watu na ng'ombe waliogopa nagana na malale, ndiyo maana Ruma ikapatikana ya kutengwa, ikawa hifadhi ya taifa 1983, kilomita mraba 120, nyumba ya mwisho ya korongo katika Kenya. Kila mtu akienda Ruma anatafuta korongo na twiga. Chini ya miguu ya huyo korongo ndipo okidi za nyasini, jamii ya Eulophia, zinapenda kuishi. Nje ya ua wa hifadhi hali ni nyingine. Mti mzee ukikatwa Gwassi uwe makaa, okidi zilizokuwa kwenye matawi zinaenda nao, na hakuna gunia linaloandikwa ni spishi ngapi zimo ndani.

Dani wangu nilimpima. Kutoka jikoni mpaka lango alinitajia mimea kumi na tisa bila kupumzika: dek, osuga, apoth, mitoo, bondo kwa ua, siala, roko. Nikamwonyesha okidi iliyoning'inia kwa mti wa ober. Akaiangalia, akacheka, akasema hiyo inakaa tu hapo. Inakaa tu hapo! Nadhani hakuna maelezo bora ya epifaiti niliyowahi kusikia.

Lakini kukosa kazi si ulinzi. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Makete na Njombe, viazi vya okidi vilikuwa havina soko kubwa mpaka wafanyabiashara wa Zambia walipomaliza vyao. Kule Zambia vinasagwa na karanga kupika chikanda. Vikaanza kuchimbwa kwa mamilioni. Hifadhi ya Kitulo, ile wanaiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa 2005, na hilo tishio lilikuwa moja ya sababu. Na mtihani wa askari pale ni huu: kiazi kwenye gunia hakina jani wala ua, so huwezi kujua ni spishi gani. Ikabidi watafiti watumie DNA kusoma kilichomo. Biashara zote za kimataifa za okidi za porini ziko chini ya mkataba wa CITES, lakini mkataba unasoma majina. Kitu kisicho na jina kinavuka mpaka kama kiazi cha kawaida, na hapa Migori tuko jirani kabisa na mpaka wa Isebania.

Kokwaro hakuwa mtu wa okidi. Yeye alifanya machungwa, maembe, na dawa za mama zetu. Ninachosema ni kwamba njia yake bado iko wazi: jina la nyumbani upande huu, Kilatini upande ule, na kibandiko chenye kijiji, si K5. Ukiona okidi Kanyamwa, Nyatike, Uriri ama kule Rangwe, usiing'oe. Piga picha ya ua kutoka mbele, ya jani, na ya mti wenyewe, uandike mahali na tarehe. Hebaria ya Nairobi ina watu ambao kazi yao ni kusoma hizo vitu. Na kama kuna mzee kwenu ana jina lake kwa Dholuo, Kisuba ama Kikuria, niandikie hapo chini, na useme ni wa kijiji gani.