Wazee wa Majimaji na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii twaitumia sana barazani, harusini na msibani, lakini kwa muda mrefu haikupata nafasi katika chuo kikuu. Chuo kikuu, kama kilivyotujia kutoka Ulaya, kilijengwa juu ya kitabu, na mzee asiyejua kusoma hakuwekewa kiti humo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mlango ulivyofunguliwa mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1960, hata mzee wa kijijini akakubaliwa kuwa shahidi wa historia ya taifa. Yanakusudia pia kueleza jambo ambalo halikukamilika katika kazi hiyo, na ambalo sisi wa leo tumelirithi kama deni.

Chuo kipya na elimu ya wengine

Chuo chetu kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, nacho kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa kimojawapo cha vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa.

Majengo yalikuwa yetu, lakini elimu iliyokuwa ndani yake ilikuwa bado ya wengine. Kijana aliyefika chuoni wakati ule alikuwa amekwisha kufundishwa shuleni habari za wafalme wa Uingereza na safari za Livingstone, lakini hakufundishwa habari za babu yake. Hali hii haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa imesimama juu ya fikra. Mwaka 1963 mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper alitangaza waziwazi kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa, ila historia ya Wazungu katika Afrika, na kwamba yaliyosalia ni giza. Hakusema neno geni. Alisema tu kwa sauti kubwa jambo ambalo mitaala ilikuwa ikilisema kimyakimya kwa miaka mingi.

Ilikuwa katika mwaka huohuo wa 1963 kwamba Idara ya Historia ilipata profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini. Pamoja naye na baada yake walikuja vijana wa nchi yenyewe, miongoni mwao Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare. Kimambo alipanda milima ya kwao akiwauliza wazee wa koo habari za asili yao, wahamaji wao, watawala wao na matambiko yao. Kutokana na masimulizi hayo aliandika historia ya kisiasa ya Wapare tangu karne ya 16 hivi hadi mwisho wa karne ya 19, nayo ikachapishwa mwaka 1969. Katika mwaka huo huo yeye na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoanzia mbali kabla ya kuja kwa mgeni.

Elimu hii ya kusikiliza haikuwa ya nchi moja. Mbelgiji Jan Vansina, aliyefanya uchunguzi wake Kongo na Rwanda, alikuwa ameonyesha mwaka 1961 kwamba masimulizi yaweza kupimwa kama hati inavyopimwa. Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika kutoka nchi nyingi walikutana Dar es Salaam kuyajadili mambo haya. Huko Nairobi, Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai kwamba Idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake kitakuwa Afrika, na fasihi simulizi iwe miongoni mwa nguzo zake. Wakati huo, basi, ulikuwa umeiva.

Siasa nayo ilisukuma. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, ukafanyika Mlimani mkutano wa kujadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa. Mwezi huohuo Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba shule zilikuwa zikiwafunza vijana kudhani kuwa maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba wazazi wao hawana la kuwafundisha.

Vita karatasini na vita vinywani

Jambo lililoutia mwendo huu katika mizani lilikuwa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, kisha vikaenea kusini nzima hadi Ungoni. Hesabu ya serikali ya Wajerumani ilitaja watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa iliyofuata mashamba na maghala kuchomwa moto.

Karatasi za vita hivi zilikuwa nyingi. Gavana von Götzen mwenyewe aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1909. Lakini karatasi hizo zilikuwa na jicho moja. Zilieleza safari za majeshi na idadi ya risasi. Zilipofika kwenye sababu za vita, zilitaja ushirikina wa watu na hila za waganga.

Hata sisi watunzi wa mashairi tulikuwa na ushahidi wetu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia vita hivyo utenzi, ambao W. H. Whiteley aliuchapisha mwaka 1957. Ni kazi yenye thamani. Hata hivyo Jamaliddini alikuwa mtu wa pwani, wala hakuwaona wapiganaji wa bara kuwa mashujaa. Lugha ya utenzi ni yetu, lakini jicho lake ni la mjini. Nalitaja hili kusudi tusije tukadhani kwamba kila kilichoandikwa kwa lugha yetu kinasema kwa niaba yetu sote.

Gwassa alikwenda Umatumbi kwa wazee. Huko alisikia neno ambalo hakuna mpelelezi wa Kijerumani aliyeweza kulielewa kwa wakati wake: njwiywila, yaani mawasiliano ya siri, habari iliyopita kutoka sikio hadi sikio kuwaandaa watu kwa vita. Alisikia habari za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na ujira mdogo mno hata wengine wakakataa kuupokea. Alisikia habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwanzoni kabisa mwa vita, Agosti 1905, na karatasi zao hazisemi mengi juu yake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kumhusu mtu huyu yametoka katika vinywa vya wazee. Laiti wasingeulizwa, leo tungekuwa na vita visivyo na mwenyewe.

Mwaka 1968 kazi hii ikawa ya darasa zima. Chini ya uongozi wa John Iliffe na wenzake, wanafunzi wa Idara ya Historia walikwenda katika sehemu zilizoguswa na vita, wakawahoji wazee, wakaandika waliyoyasikia. Maandishi yao yalikusanywa mwaka 1969. Wawili kati yao, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, walichapisha kitabu juu ya vita hivyo Ungoni.

Tufanye hesabu ndogo. Mzee aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na miaka 78. Lau chuo kingesubiri miaka 20 zaidi, kingekwenda kuuliza makaburi. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya vijana wale: waliwahi.

Namna ya kumsikiliza mzee

Kumleta mzee chuoni si jambo la kumshangilia tu. Wazee walisimulia kwamba Kinjikitile alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi, na kesho yake akatoka akiwa hai na nguo zake zikiwa kavu. Mwalimu wa chuo kikuu alifundisheje jambo hili? Akilicheka, amerudi kwa von Götzen. Akilifundisha kama habari ya maji na nguo, ameacha kazi yake. Njia iliyo sawa ni kuuliza: je, watu wa Rufiji na Umatumbi walimtambuaje mtu mwenye haki ya kuwaamuru wengi wasiokuwa ukoo wake? Simulizi la kidimbwi lajibu swali hilo. Latufundisha sheria ya mamlaka, kama vile kutawazwa kwa mfalme kunavyofundisha sheria ya mamlaka ya Waingereza. Hapo mila mbili hukutana darasani bila mojawapo kuwa bwana na nyingine mtwana.

Ebrahim Hussein, aliyesoma chuoni hapo hapo, alilichukua jambo hilo katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Alitahadharisha kwamba mtu wake ni wa kubuniwa, si yule wa historia. Hata hivyo tamthilia hiyo, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ndiyo iliyowafikishia wanafunzi wengi wa sekondari habari ambayo utafiti uliwaachia wasomi.

Lililobaki

Hapa ndipo penye deni. Wazee walisema kwa Kimatumbi, kwa Kingoni na kwa Kiswahili. Chuo kiliandika kwa Kiingereza. Neno la mzee lilivuka mto, likapewa nguo nyingine, likawekwa maktabani, na wajukuu wa msemaji hawakuletewa. Ni kweli kwamba mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa, ikafundisha Kiswahili kwa Kiswahili, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Lakini masomo mengine ya chuo, historia ikiwamo, yaliendelea kwa Kiingereza.

Deni la pili ni la maswali yenyewe. Mwaka 1981 Temu na Bonaventure Swai waliikosoa historia ya kizalendo ya miaka ile, wakisema ilijali mno fahari ya taifa, ikasahau matabaka na unyonyaji. Baadaye Thaddeus Sunseri alionyesha kwamba mambo ya njaa, ya nguruwe mwitu walioharibu mazao, na ya wanawake waliobaki na mashamba, hayakupewa uzito wake. Watafiti wa 1968 walitafuta shujaa na umoja, na mtu hupata analolitafuta. Mwanamke aliyekimbia na watoto porini hakuulizwa sana, naye sasa hayupo.

Msomaji aweza kuuliza kama haya yana maana leo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Nduna Songea Mbano naye aliuawa, na jamaa zake hawakuacha kusimuliana kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji hapo Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Kilichomfikisha kiongozi wa taifa kubwa mbele ya familia ile hakikuwa karatasi peke yake. Kilikuwa pia masimulizi ya ukoo, yaliyotunzwa kwa zaidi ya miaka 100 na watu ambao hakuna chuo kilichowapa shahada.

Mimi mwandishi wa makala haya elimu yangu iliishia sekondari, na riziki yangu naipata katika ofisi ya serikali, kati ya majalada. Nimejifunza humo kwamba jalada hukumbuka kile tu ambacho mtu alitaka kuliambia. Kwa hiyo nawaomba walimu na wanafunzi jambo moja. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Lisiwe somo la kukariri. Mwanafunzi na apelekwe kwa mzee, mwanamume na mwanamke pia. Aandike maneno kwa lugha yaliyosemwa. Aulize: wewe ulisikia kwa nani? Alinganishe na jirani, alinganishe na kitabu, na panapopingana aandike kwamba panapingana. Kisha, na hili ndilo lililosahaulika mwaka 1968, arudi kwa mzee yule amsomee alichokiandika.

Wazee wa Majimaji wamekwisha. Wazee wa Azimio, wa Operesheni Vijiji na wa Vita vya Kagera wangalipo, nao miaka yao inahesabika. Chuo kikuu kilijifunza kuwauliza wazee. Kuwarudishia neno lao ni kazi iliyobaki mikononi mwetu.