Nyuklia: nani hulipa ujenzi ukichelewa?

1/ Mjadala wa nyuklia ukianza, watu hubishania usalama. Sawa. Mimi leo nafuata pesa. Historia iko na njia tatu.

2/ Benki ya Dunia. Ilikopesha kinu kimoja tu: Italia, 1959, dola milioni 40. Baadaye ikafunga mlango kabisa. Imeufungua tena Juni 2025.

3/ Muuzaji akukopeshe. Misri ilichukua mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25 kujenga El Dabaa, riba asilimia 3. Kinu na deni, duka moja.

4/ Mwekezaji ajenge, mteja alipe polepole. Hinkley Point C, Uingereza: kampuni ilihakikishiwa pauni 92.50 kwa kila megawati-saa, bei za 2012, kwa miaka 35. Mwaka 2016 gharama ilikuwa pauni bilioni 18. Kufikia 2024, makadirio yalikuwa bilioni 31 hadi 35. Hapo aliyeumia ni kampuni, kwa sababu mkataba ulisema hivyo.

5/ Mbona inapanda hivyo? Mafuta ya nyuklia si ghali sana, ghali ni kujenga. Riba inakula miaka yote kabla taa moja iwake.

6/ Sisi stima yetu nyingi tayari ni mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kwa hivyo ukiambiwa nyuklia ni safi, kubali. Halafu uliza: ikichelewa miaka mitano, mkataba unasema nani analipa? Kama ni serikali, ni mimi na wewe.